Ukiwa na Ugonjwa wa Moyo, Usikimbilie Kukonda

Mtu akishaambiwa ana ugonjwa wa moyo, ushauri wa kwanza anaoupata nyumbani na mtaani ni kupunguza mwili. Jirani anamkataza wali, shemeji anamletea majani ya kuchemsha, kazini wanamchungulia sahani. Miezi mitatu baadaye suruali zimelegea, kila anayekutana naye anampongeza, na mwenyewe anaamini ameanza kupona. Pengine ni kweli. Lakini pengine huko kukonda ndiko ugonjwa unakosonga mbele, na pongezi hizo zinamchelewesha kurudi kliniki.

Mwongozo huu ni wako wewe ambaye tayari una ugonjwa wa moyo: mishipa ya moyo iliyoziba au kuzibuliwa, moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo, au umewahi kupata mshtuko wa moyo. Ni wa anayekupikia na kukuuguza pia. Kwa mtu mwenye afya anayetaka kujikinga, ushauri wa siku zote haujabadilika: unene, hasa wa tumboni, huleta presha, kisukari na mishipa kuziba, na ni vyema auepuke mapema. Wewe unakabiliwa na swali jingine. Uzito ulio nao leo, na jinsi unavyopanda au kushuka, unasema nini juu ya miaka iliyo mbele yako?

Tafiti zimekuta nini

Kwanza kipimo chenyewe cha uzito kwa urefu. Chukua kilo zako, zigawe kwa urefu wako wa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu uleule. Mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.65 anapata 28.7 hivi. Kuanzia 18.5 hadi chini ya 25 huitwa uzito wa kawaida, 25 hadi chini ya 30 uzito uliozidi, na 30 kwenda juu ni unene uliopitiliza. Hesabu hii aliianzisha Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19, naye alikuwa mtu wa takwimu aliyechunguza umbo la binadamu wa wastani. Haikutungwa kwa ajili ya kumpima mgonjwa mmoja mmoja, na haiwezi kukwambia ni kilo ngapi za mafuta, ngapi za misuli na ngapi za maji.

Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 40 za wagonjwa wa mishipa ya moyo wapatao 250,000. Mtu angetarajia kwamba aliye mwembamba zaidi ndiye angeishi zaidi. Haikuwa hivyo. Katika kundi la uzito uliozidi vifo vilikuwa vichache kuliko katika kundi la uzito wa kawaida, na waliokuwa chini ya 20 ndio waliokufa zaidi. Hata hivyo wanene wa kupindukia, wenye 35 na zaidi, hawakusalimika: hatari yao ya kufa kwa maradhi ya moyo ilikuwa kubwa kuliko ya wengine wote.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Norway, katika jimbo lililoitwa Nord-Trøndelag, ambako wakazi walipimwa mwaka 1985, wakapimwa tena 1996 na 2007. Trine Moholdt na wenzake waliwachambua watu 3,307 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, wakafuatilia nani aliishi na nani alikufa hadi mwisho wa mwaka 2014. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Waliopungua uzito walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 30 hivi ile ya waliobaki na uzito uleule. Walioongezeka, kwa jumla, hawakuonekana kuwa na hatari zaidi. Jambo lililotenganisha waliodumu na wasiodumu lilikuwa kujishughulisha. Waliofanya mazoezi ya kiwango kinachoshauriwa, wakayaendeleza miaka yote, hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 36 kuliko ya waliokaa tu. Hata waliofanya pungufu ya kiwango hicho, mradi hawakuacha, walipata nafuu ya asilimia 19.

Usiyasome matokeo haya kama ruhusa ya kunenepa. Mara nyingi ugonjwa ndio humkondesha mtu kabla ya kumuua: saratani isiyojulikana, figo, kifua kikuu, au moyo wenyewe uliodhoofika mpaka hamu ya kula ikapotea. Wavutaji sigara huwa wembamba, nao hufa mapema. Wengi wa waliopungua hawakupanga kupungua. Na mtu mwenye kilo za kutosha huwa pia na misuli zaidi, akiba ambayo mwili huichota siku za kulazwa.

Tafiti zilizotenganisha anayekonda kwa kukusudia na anayekonda bila kutaka zilikuta picha mbili tofauti: wa kwanza hunufaika, wa pili huwa hatarini. Ushahidi wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 2023 katika jaribio lililoitwa SELECT, lenye watu 17,604 kutoka nchi 41, wote wana maradhi ya moyo na mishipa, wote wana kipimo cha 27 au zaidi, na hakuna mwenye kisukari. Nusu walichomwa kila wiki sindano ya semaglutaidi, dawa inayopunguza uzito, nusu sindano isiyo na dawa. Vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi vikijumlishwa, waliopata dawa walikuwa na asilimia 20 pungufu. Kwa hiyo kupunguza mwili kwa mpango, chini ya daktari, kwa mtu aliyenenepa kweli, kunaweza kuokoa maisha. Kukonda tu hakutoshi kuitwa tiba.

Kwetu Afrika kuna jambo la kuongeza. Utafiti uitwao THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, ulihusisha wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52 tu, na chanzo kikubwa kilikuwa presha, si mishipa kuziba. Wapo pia vijana wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, na akina mama ambao moyo ulidhoofika karibu na kujifungua. Kijana mwembamba mwenye valvu mbovu hana kilo za kupunguza. Anahitaji kulishwa. Akifuata ushauri wa "punguza mwili" aliousikia redioni, anajiumiza.

Kujipima kwa namna inayosaidia

Kama moyo wako umewahi kushindwa na mwili ukavimba, jipime kila asubuhi. Amka, nenda haja ndogo, jipime kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi ileile, iwe khanga au bukta. Mizani ikae juu ya sakafu ngumu. Juu ya zulia au mkeka itakudanganya. Andika tarehe na kilo kwenye daftari la kawaida. Mizani ya bei nafuu inatosha mradi ni ileile kila siku, kwa sababu unachotafuta ni mabadiliko.

Huna mizani? Maduka mengi ya dawa na zahanati wanayo, na katika stendi za mabasi wapo wanaopima kwa malipo kidogo, ila si rahisi kwenda kila siku. Basi jifunze alama za mwili. Bonyeza mbele ya ugoko kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa; kishimo kikibaki, kuna maji. Angalia kama soksi zinaacha mfereji mguuni, kama viatu vya jana leo vinabana, kama mkanda umerudi tundu moja nyuma bila wewe kula zaidi. Hesabu mito unayolalia. Aliyekuwa analala kwa mto mmoja na sasa anahitaji mitatu ili apumue, maji yamefika kwenye mapafu.

Kiuno nacho kipime, mara moja kwa mwezi. Futi ya kamba ya fundi cherehani inafaa. Ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani. Ikiwa huna futi, chukua kamba ya urefu wako kutoka unyayo hadi utosi, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni. Ncha zikikutana au kupishana, uko salama kwa kipimo hiki. Zisipofika, kiuno kimezidi nusu ya urefu, na mafuta ya tumboni ni mengi hata kama mizani inakusifu. Watafiti waliowachambua wagonjwa wa moyo kushindwa katika jaribio la PARADIGM-HF walikuta kwamba ukitumia kiuno kwa urefu badala ya kilo kwa urefu, ile picha ya kwamba wanene huishi zaidi inatoweka. Ndiyo maana mimi naiamini kamba hii kuliko hesabu ya Quetelet, hasa kwa mwenye mikono na miguu myembamba lakini kitambi kimetangulia.

Uzito ukipanda ghafla

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hakuna mtu anayeongeza kilo 2 za mafuta kwa siku 3, kwa hiyo uzito ukipanda kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, na moyo unashindwa kuyatoa. Usisubiri tarehe ya kliniki. Piga simu au nenda, hata kama bado unajisikia vizuri, maana mizani huweza kuonyesha tatizo siku kadhaa kabla ya pumzi kukatika. Baadhi ya madaktari humpa mgonjwa ruhusa ya kuongeza kidonge cha dawa ya kutoa maji uzito unapofika kiasi fulani. Omba maelekezo hayo yaandikwe kwenye kadi, pamoja na kilo unazopaswa kuwa nazo maji yote ya ziada yakishatoka. Bila namba hiyo daftari lako halina pa kuanzia.

Tafuta pia kilichosababisha. Mara nyingi ni dawa zilizoisha na hela ya kununua nyingine haijapatikana. Mara nyingi ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa, ukihesabu chumvi yote ya chakula cha siku nzima. Chumvi hiyo imejificha katika viungo vya kopo na vya vipande, katika supu ya asubuhi, chipsi, achari, soseji, papa na ng'onda. Dagaa wakavu waliotiwa chumvi waloweke, mwaga maji, waoshe tena ndipo upike. Ladha itafute kwa ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili. Chumvi za dukani zinazouzwa kama mbadala zina potasiamu. Ukiwa unatumia spironolaktoni, dawa inayobakiza potasiamu mwilini, au figo zina shida, usizitumie bila kuuliza.

Na kuna sababu moja ambayo watu hawaitaji kwa sababu hawaijui: dawa za maumivu. Mtu mnene magoti humuuma, basi hununua diklofenaki, ibuprofeni au piroksikamu dukani bila cheti. Dawa hizi huzuia chumvi na maji yasitoke mwilini, na zinaweza kumrudisha wodini mgonjwa aliyekuwa ametulia. Kila unaponunua dawa ya maumivu mwambie muuzaji kwamba una ugonjwa wa moyo, na muulize daktari ni ipi inakufaa.

Uzito ukishuka bila kuutafuta

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito wako ndani ya mwaka mmoja bila kukusudia, hilo ni jambo la kumwambia daktari. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 3 na nusu tu. Ondoa kwenye hesabu kilo zilizoshuka wiki za kwanza za dawa ya kutoa maji. Hayo yalikuwa maji na yalipaswa kutoka. Ninachosema ni kule kupungua kunakofuata, taratibu: pete inazunguka kidoleni, mifupa ya bega imejitokeza, mapaja yamelegea, kuinuka kwenye stuli kunahitaji kushika ukuta.

Kwetu mtu akikonda, maneno huanza, na mgonjwa huona haya kulitaja. Au kinyume chake, kitambi kikiisha anasifiwa. Vyote viwili vinamfungia mdomo. Wewe litaje. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa kisukari kilichopanda, tezi ya shingo, kifua kikuu, meno mabovu, au huzuni iliyoondoa hamu ya kula. Moyo ukishindwa upande wa kulia, tumbo hujaa maji, ini huvimba, na mtu hushiba kwa tonge tatu. Huyo mpe chakula kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya milo mitatu mikubwa. Kila mlo uwe na kitu cha kujenga misuli: maharage, choroko, kunde, mayai, samaki, kuku, maziwa au mtindi. Uji uongezewe karanga au maziwa. Kama figo zako zina tatizo, mtaalamu wa lishe akupangie kiasi.

Na angalia ujanja mmoja wa ugonjwa huu: maji yanaweza kuingia huku misuli ikitoka, mizani ikasimama palepale mwaka mzima. Ndiyo sababu ya kutazama mapaja na mikono, si namba peke yake.

Ikiwa kweli unahitaji kupunguza

Ikiwa kipimo chako cha uzito kwa urefu ni 35 na zaidi, au kimezidi 30 na kiuno kimepita nusu ya urefu, na huna dalili za kukondeshwa na ugonjwa, zungumza na daktari juu ya kupunguza polepole. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Usianze ukiwa umetoka wodini juzi, wala kidonda cha upasuaji kikiwa hakijapona.

Anza na vinywaji, kwa sababu hapo hupotezi misuli: soda, juisi ya paketi, sukari vijiko vitatu kwenye kila kikombe cha chai. Kisha sahani. Mboga za majani na matunda zijaze nusu yake, ugali au wali upungue mpaka robo, kitoweo kibaki. Watu wengi hufanya kinyume: wanaondoa samaki na maharage, wanabaki na chai na mkate, wanapoteza misuli na kitambi kinabaki. Maandazi, vitumbua na mihogo ya kukaanga viwe vya siku moja moja, na tui zito la nazi lipunguzwe.

Epuka kabisa vidonge na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitaani na mitandaoni. Dawa ya kukondesha iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010, baada ya jaribio la SCOUT kuonyesha kwamba watu wenye maradhi ya moyo walioitumia walipata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi. Tangu hapo wakaguzi wa dawa wameikuta mara kwa mara imefichwa katika bidhaa zinazoitwa za asili. Dawa za kuharisha nazo huondoa potasiamu, na moyo dhaifu ukikosa potasiamu hupoteza mdundo. Sindano za semaglutaidi zipo, lakini ni za cheti, ni ghali, na anayezitumia hupoteza misuli pia pamoja na mafuta, kwa hiyo haziendi bila mazoezi na chakula cha kujenga mwili. Kwa mfungo wa Ramadhani au mfungo mwingine wowote, nenda kliniki wiki kadhaa kabla ili saa za dawa zipangwe, na ukikatazwa, pokea.

Miguu yako

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo ninalotaka ulianze kesho. Wale wa Norway walioishi zaidi hawakuwa wanariadha. Walikuwa watu waliojishughulisha wakaendelea miaka mingi. Kiwango kinachoshauriwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaopandisha pumzi. Usianze na hizo. Anza na dakika 5 au 10 kwenye tambarare, asubuhi kabla jua halijakali, na uongeze dakika mbili tatu kila wiki. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: uweze kuzungumza sentensi nzima, usiweze kuimba. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au moyo ukienda mbio ovyo, simama. Maumivu ya kifua yasipoisha dakika chache baada ya kupumzika, ni hospitali moja kwa moja.

Mara mbili au tatu kwa wiki fanyia kazi misuli. Inuka kitini na ukae bila kushika, mara 5, kisha 8, kisha 10. Sukuma ukuta kwa mikono. Simama kwa vidole huku umeshika meza ya jikoni. Aliyefanyiwa upasuaji wa kifua asisukume wala kubeba ndoo mpaka daktari wake amruhusu. Kulima bustani, kufua kwa mkono, kwenda sokoni kwa miguu, vyote vinahesabika, na siku ya uchovu, kufanya pungufu ni bora kuliko kuacha.

Siku ya kliniki chukua daftari, dawa zako zote ndani ya mfuko, pamoja na za dukani na za mitishamba, na mtu anayekupikia. Ukiambiwa upunguze uzito, uliza: kilo ngapi, kwa muda gani, na nile nini ili misuli isiende nazo? Ukiambiwa umepungua vizuri na wewe hukuwa unajaribu kupungua, sema hivyo hapo hapo, kabla hujatoka chumbani.